Saa za Bahari: Siku ya Matembezi Ufuoni kwa Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Haya ni maandishi ya mazungumzo kwa wakazi kuhusu matembezi ya familia ufuoni wakati wa sikukuu na likizo za shule. Yamechapishwa ili yasomwe nyumbani na kuwafikia wale ambao hawakuyasikia.



Iko miji ya pwani duniani ambayo watu huweka akiba mwaka mzima ili wafike huko wasimame ufuoni siku mbili tatu. Australia inayo mingi. Upande wa magharibi wa nchi hiyo uko mji wa Fremantle, na karibu nao ufuo wa Cottesloe, mahali penye mchanga mweupe na jua linalozama baharini. Wageni husafiri kwa ndege saa nyingi kwenda kuyaona hayo. Lakini bahari inayopiga Cottesloe ni Bahari ya Hindi, ile ile inayopiga Shelly Beach kule Likoni na Bamburi kule Kisauni. Mkazi wa Timbwani huifikia kwa miguu. Mkazi wa Chaani huifikia kwa nauli ya matatu.

Kwa hiyo Australia haiizidi Mombasa kwa uzuri wa bahari. Inaizidi kwa mazoea. Kule, mtoto hufundishwa bahari kabla ya kuachiwa bahari. Waokoaji husimamisha bendera zenye rangi nyekundu na njano, na kila mtu, mdogo kwa mkubwa, anajua kwamba mahali pa kuogelea ni kati ya bendera hizo. Mazoea hayo yana zaidi ya miaka 100, kwani chama cha waokoaji cha ufuo wa Bondi kilianza mwaka 1907.

Mombasa nayo ilikuwa na mazoea yake. Mtoto wa mvuvi alijua kupwa na kujaa kabla ya kujua kusoma. Aliujua mwamba, mlango wa mwamba, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Leo wako watoto wengi waliozaliwa Mishomoroni, Mtopanga, Bofu na Chaani, kilomita chache kutoka majini, ambao huiona bahari mara mbili kwa mwaka, siku ya Idi na siku ya Krismasi. Ni wenyeji wa mji wa pwani, lakini mbele ya maji ni wageni. Na mgeni asiyeambiwa desturi za nyumba ndiye anayeumia.

Lengo la mazungumzo haya ni kurudisha desturi moja tu: kuangalia saa ya bahari kabla ya kutoka nyumbani.

Alama mbili za maji

Kwanza ni haki. Wako wakazi wanaodhani kwamba ufuo ni wa hoteli, na kwamba mtu wa kawaida hupita kwa hisani. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inataja ardhi ya umma kuwa ni pamoja na ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji yanapojaa na alama ya maji yanapopwa. Ardhi hiyo inashikwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na inasimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Mchanga ulioloweshwa na maji ya asubuhi ni mali ya mchuuzi wa mihogo sawa na ya mwenye jumba la ghorofa.

Juu ya alama ya maji kujaa ndipo mambo hubadilika. Hapo pana viwanja vya watu, nyumba na hoteli, na mwenye kiwanja ana haki yake. Ndiyo maana njia za umma zinazoshuka ufuoni ni muhimu, na ndiyo maana Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, pale Bamburi, hujaa watu sikukuu zote. Pale mkazi hushuka moja kwa moja kutoka barabara ya Malindi hadi mchangani bila kupita uani kwa mtu.

Jambo la kuzingatia ni hili: sheria inapima haki ya mkazi kwa maji kujaa na maji kupwa. Usalama wake nao hupimwa kwa alama hizo hizo mbili. Anayejua haki lakini hajui saa ya maji amejua nusu tu.

Bahari ina saa yake

Katika pwani ya Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50, kwa sababu bahari hufuata mwezi, haifuati jua. Aliyekuta maji yamejaa saa tisa leo, kesho atayakuta yamejaa karibu na saa kumi.

Kiasi cha maji nacho hubadilika. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Katika bandari ya Kilindini tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 hivi. Wazee walihesabu kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu: siku zilizo karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua, na siku zilizo karibu na mwezi nane na ishirini na mbili ni maji mafu. Hesabu hiyo ni sahihi mpaka leo, wala haihitaji simu. Anayetaka dakika kamili ataipata katika majedwali ya maji yanayotolewa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya.

Sasa hesabu hiyo iwekwe kwenye sikukuu. Idi ya kufungua saumu huwa mwezi mosi wa Shawwal. Mwezi umeandama jana usiku. Maana yake ni kwamba Idi hiyo, mwaka hadi mwaka, iwe ni masika au kiangazi, huangukia bamvua. Pasaka nayo hufuata mwezi: ni Jumapili ya baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo bahari huwa katika bamvua au ndiyo inatoka kwenye bamvua. Krismasi na mwaka mpya hazifungamani na mwezi, hivyo kila mwaka ni lazima kuangalia upya.

Katika pwani hii, siku za bamvua, maji hupwa kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano na nusu hivi, na hujaa kabisa jioni kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu. Familia inayofika Bamburi saa nne asubuhi siku ya Idi huikuta bahari imekwenda mbali. Mchanga umelala wazi, maji yaliyobaki yanafika magotini, na watoto wanaweza kutembea hadi mafungu ya mchanga yaliyo mbali na kurudi. Mzazi huangalia na kusema, leo maji ni kidogo, hakuna hatari.

Kosa huanzia hapo. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya zamani ya kuyagawa mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa huingia fungu 1, saa ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3, ya tano mafungu 2, na ya sita fungu 1. Kama maji yatapanda mita 3 kwa jumla, na yamepwa saa tano asubuhi, basi hadi saa sita yatakuwa yamepanda sentimita 25 tu. Hakuna atakayegundua. Hadi saa saba yatakuwa yameongeza sentimita 50. Lakini kati ya saa saba na saa tisa mchana yatapanda mita 1 na nusu. Mtoto wa miaka saba hafiki urefu huo.

Saa saba hadi saa tisa ndio wakati ambapo watu wazima wametoka kula pilau, wengine wamelala chini ya mvinje, na watoto wanaambiana waende wakacheze kule walikokuwa asubuhi. Tena maji hayaji kwa mbele peke yake. Kati ya mwamba na ufuo pana mabonde, na mabonde hujaa kwanza. Mtoto aliyesimama juu ya fungu la mchanga anaona bado anasimama pakavu, kumbe nyuma yake, kati yake na mamake, maji yamekwisha kufika kifuani.

Wahenga walisema maji yakijaa hupwa, wakimaanisha kwamba kila hali ina mwisho. Mzazi aliye ufuoni na ageuze maneno hayo: maji yakipwa hujaa.

Safari yenyewe

Ichukuliwe familia moja ya Chaani, baba, mama, nyanya na watoto watatu, inayotaka kwenda Bamburi siku ya pili ya Idi. Hiyo ni familia ya mfano tu, lakini ziko nyingi kama hiyo.

Usiku wa kuamkia safari wanaangalia mwezi. Ni bamvua. Wanakubaliana kwamba kucheza mbali majini kutaisha saa sita adhuhuri, na kwamba baada ya hapo watoto watakaa pembezoni mpaka maji yatulie. Wanapanga pia nani atakuwa jicho la watoto, saa kwa saa. Jicho ni mtu mmoja anayetajwa kwa jina. Ikisemwa kwamba wote wanaangalia, hakuna anayeangalia. Mtu huyo hashiki simu, halali, hagawi chakula. Nusu saa ikiisha anamkabidhi mwingine kwa mdomo: sasa ni zamu yako.

Asubuhi wanapanda matatu, wanavuka Makupa, wanapita kisiwani na kuvuka daraja la Nyali. Wakifika Kengeleni nyanya anaweza kuwasimulia watoto jina hilo limetoka wapi. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza walianzisha kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na kengele iliyotundikwa pale ililizwa kuwaonya wanakijiji wakati wa hatari. Watu walioletwa na bahari kwa nguvu walijenga makao mapya kando ya bahari hiyo hiyo. Historia hiyo iko njiani, haina kiingilio.

Kongowea wananunua maembe na ndimu. Wakiendelea na barabara ya Malindi wanapita Haller Park. Pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na kwa miaka mingi kikachimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki jangwa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo hayo. Mivinje ndiyo iliyoshika vizuri, na majongoo yakasaidia kugeuza majani yake kuwa udongo. Leo ni msitu wenye twiga, mamba na kobe.

Hapo ndipo alipoletwa Owen, kiboko mchanga aliyeachwa peke yake baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee aliyeitwa Mzee. Watoto wengi wanakijua kisa hicho. Lakini kina upande wa pili ambao watu wazima hawafai kuusahau. Siku ile mawimbi yalitoka Indonesia, yakavuka Bahari ya Hindi nzima, yakaua mamia ya watu Somalia. Kenya alikufa mtu mmoja. Kwa hiyo iko kanuni moja inayozidi kanuni zote: maji yakitoka ghafla nje ya saa yake, mtu asishuke kuokota samaki. Apande juu, mbali na ufuo, na awaite wengine. Anayejua saa ya kawaida ya maji ndiye atakayetambua kwamba jambo hili si la kawaida.

Majini

Wakifika ufuoni, kabla ya mtu kuvua viatu, familia yetu ya mfano inawauliza vijana wanaofanya kazi pale, waokoaji na wenye mashua: leo maji yanarudi saa ngapi, na wapi pana mkondo? Swali hilo halina aibu. Mzee wa mashua hujibu kwa furaha, kwa kuwa ni elimu yake.

Watoto wanaingia majini wakiwa na mkubwa, na mkubwa anakaa upande wa bahari, watoto upande wa nchi kavu. Kina kisipite kiunoni kwa mtoto. Kwa mtoto mdogo asiyejua kuogelea, mkubwa awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Mipira ya magari inayokodishwa ufuoni ni ya kuchezea. Si jaketi la kujiokoa. Upepo wa asubuhi utokao nchi kavu, yaani umande, unaweza kuusukuma mpira kwenda nje, na mtoto aliye juu yake hahisi anakwenda mpaka akitazama nyuma. Anayepanda mashua kwenda kuangalia matumbawe avae jaketi kabla mashua haijaondoka, hata kama anajua kuogelea, na nahodha asiyekuwa na majaketi ya kutosha aachwe.

Penye mlango wa mwamba, hasa maji yanapopwa, maji yote yaliyokuwa ndani hutafuta njia ya kutoka, na mkondo wake humshinda hata mwogeleaji hodari. Aliyechukuliwa na mkondo asishindane nao kwa kurudi moja kwa moja alikotoka. Atachoka. Alale chali apumue, ainue mkono kuomba msaada, na akiwa na nguvu aogelee kwa ubavu, sambamba na ufuo, mpaka atoke kwenye mkondo ndipo ageukie nchi kavu.

Maji yakipwa, anayetembea mwambani avae viatu. Kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi kama nungunungu, na mawe ya matumbawe hukata kama wembe. Tena matumbawe ni viumbe hai. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986 na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ndani yake kuvunja matumbawe au kuchukua kombe na viumbe wengine ni kosa. Mwamba huo ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika Nyali na Bamburi. Ukifa, ufuo nao utaliwa.

Mtu akizama

Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hana pumzi ya kupigia kelele. Kichwa huinamia nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono hupigapiga kama anayepanda ngazi, kisha hunyamaza. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele za mchezo akanyamaza ghafla, aangaliwe mara moja.

Ndugu wengi wamekufa wawili wawili, kwa sababu wa pili aliingia kumwokoa wa kwanza bila kujua kuogelea. Kwa hiyo mwokoaji aanze akiwa nchi kavu. Anyooshe kitu: fito, leso, kanga zilizofungwa pamoja. Kama ni mbali, arushe kitu kinachoelea. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko vizuri humbeba mtu mzima, na kila familia inayo mmoja nyumbani. Ukifungwa kamba ya mita chache, tayari ni chombo cha kuokolea. Wakati huo mwingine awaite waokoaji na apige simu namba 999 au 112.

Aliyetolewa majini bila kupumua asining'inizwe kichwa chini wala kubonyezwa tumbo. Kufanya hivyo hupoteza dakika na humletea matapishi kooni. Alazwe chali mahali pagumu, kichwa kiinuliwe kidogo kidevuni ili njia ya hewa ifunguke, apewe pumzi mdomo kwa mdomo, kisha kifua kibonyezwe mara 30 na pumzi 2, na kurudia hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka na kusema yuko salama, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana maji yaliyoingia mapafuni huweza kumdhuru saa kadhaa baadaye.

Likoni na hori za Changamwe

Mazungumzo haya yameieleza zaidi Bamburi kwa sababu ndiko wengi huenda. Likoni ina Shelly Beach, ufuo ulio karibu mno na mji, na mtembea kwa miguu huvuka kwa feri bila kulipa. Wakazi wa upande wa Changamwe na Miritini sasa wanaweza pia kufika upande huo kwa barabara ya Dongo Kundu, bila kupanda feri. Kanuni za maji ni zile zile.

Lakini kivuko si ufuo. Jina la Kilindini linatokana na kilindi, yaani mahali penye kina kirefu, na jina hilo ni onyo lililoachwa na wenyeji wa kwanza. Meli kubwa hupita pale, na maji ya kujaa na kupwa hukimbia kwa nguvu. Si mahali pa kuogelea wala pa kushindana kuruka. Wakazi wa Likoni hawahitaji kukumbushwa sana. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka muda mfupi baada ya kuondoka ikiwa na watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Walikuwa wanakwenda kazini, karibu na nchi kavu. Wengi wa watoto wa leo walizaliwa baada ya siku hiyo, na ni wajibu wa wazee kuwasimulia, si kwa kuwatisha, bali ili wajue kwa nini mtu hukataa kupanda chombo kilichojaa.

Kwa Changamwe, bahari ni hori: maji ya Port Reitz upande mmoja, na ya Tudor upande mwingine. Mikoko yake hulea samaki wadogo na huzuia udongo usichukuliwe. Watoto hupenda kuogelea huko baada ya shule kwa kuwa ni karibu na hakuna nauli. Shida ni kwamba tope hushika miguu, maji ni meusi hayaonyeshi kina, na hakuna mwokoaji. Mzazi wa Chaani au Port Reitz ambaye hatampeleka mtoto Bamburi siku ya Idi ajue kwamba mtoto huyo atakwenda horini mwenyewe. Ni afadhali aende ufuoni na mkubwa, saa inayojulikana, kuliko aende peke yake bila mtu kujua.

Ndiyo maana dawa si kumkataza mtoto bahari. Aliyezaliwa Mombasa ataingia majini tu, leo au kesho. Dawa ni kumfundisha kuogelea. Shirika la Afya Duniani linataja mafunzo ya kuogelea kwa watoto wa umri wa shule kuwa mojawapo ya njia zinazopunguza vifo vya kuzama, na tangu mwaka 2021 Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa Siku ya Dunia ya Kuzuia Vifo vya Kuzama. Mkazi asingoje siku hiyo. Mjomba anayejua kuogelea, wakati wa maji mafu, mahali pa kina cha kiunoni, anaweza kumfundisha mtoto kuelea chali kwa siku chache. Mtoto anayejua kuelea amepata dakika za kungojea msaada.

Kurudi nyumbani

Saa kumi alasiri maji yamepanda juu kabisa ya mchanga. Familia ya Chaani imehamisha mkeka mara mbili. Watoto wamekula mihogo ya pilipili na ndimu, nyanya amekunywa dafu lake. Kabla ya kuondoka wanahesabu vichwa, si mara moja bali mara mbili: mara ya kwanza kwenye mkeka, mara ya pili wakiwa barabarani. Wanakusanya chupa na karatasi zao na kurudi nazo, kwa sababu maji ya usiku huu yatafika pale walipokaa na kuchukua kila kilichoachwa, na kasa hawezi kutofautisha karatasi ya nailoni na yavuyavu anayemla.

Njiani mtoto wa kati anauliza kama watarudi kesho. Baba anampa swali badala ya jibu: kama leo maji yamepwa saa tano, kesho yatapwa saa ngapi? Mtoto anahesabu vidole, anaongeza dakika 50, anasema saa sita kasoro dakika 10. Akishaweza kujibu hivyo, ameanza kuwa mwenyeji.

Ndugu wakazi, ufuo ni wenu kwa sheria, kati ya alama mbili za maji. Nendeni na watoto, nendeni na wazee, na kabla ya kutoka nyumbani angalieni mwezi.